Ngoma Isiyo na Tarehe: Safari ya Kitui na Makueni

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za sherehe kubwa za watu wa kusini mwa Afrika. Katika nchi ya Zambia, Walozi wana sherehe iitwayo Kuomboka, maana yake kutoka majini. Mto Zambezi ukifurika, mfalme wao, Litunga, hupanda mashua yake kubwa iitwayo Nalikwanda, akaliacha jumba la Lealui lililoko bondeni, akaenda Limulunga penye ardhi ya juu, huku wapiga makasia wakivuta na ngoma zikilia. Huko Chipata, mashariki ya nchi hiyohiyo, Wangoni hukusanyika mwezi wa Februari kwa Nc'wala, sherehe ya kuonja mazao mapya. Na katika ufalme wa Eswatini maelfu ya wasichana hukata matete wakayapeleka kwa Mama wa Mfalme, nayo sherehe hiyo huitwa Umhlanga. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuzitazama.

Sherehe hizo zina jambo moja lililo sawa: yuko mfalme au mkuu wa kuziita. Akisha kutoa neno, siku hutangazwa, barabara hujaa magari, na mgeni akiwa na nauli yake hana shida ya kujua aende wapi na lini.

Sasa tuseme kwamba msafiri aliyeziona sherehe hizo anafika Ukambani, katika Kaunti za Kitui na Makueni. Amesikia kwamba Wakamba ni mabingwa wa ngoma, tena ni kweli. Anamkuta mama mzee amekaa kivulini akisuka kyondo, anamwamkia kwa adabu, kisha anamwuliza: "Susu, ngoma yenu kubwa iko lini?"

Yule mzee atamtazama kwa muda, naye atamjibu kwa swali: "Ngoma ya nini, mjukuu wangu?"

Jibu hilo si la kumkwepa mgeni. Ndani yake mna elimu yote ambayo msafiri anaihitaji, na makala haya yanakusudia kulieleza.

WATU WASIO NA MFALME

Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika baraza lililoitwa nzama, na mipaka ya ujirani ilikuwa ni utui, yaani kijiji au mtaa wa watu wanaojuana. Vijiji kadhaa ambavyo vijana wao walikuwa wakikutana katika ngoma moja viliitwa kivalo. Hebu msomaji alifikirie jambo hilo. Watu wengine walipima nchi kwa mito au kwa mamlaka ya mtawala, bali huku ngoma ilikuwa moja ya vipimo. Wanaocheza pamoja ni watu wa mahali pamoja.

Kwa kuwa hapakuwa na mfalme wa kuiita ngoma, ngoma iliitwa na haja. Mvua ikikawia, haja hiyo iliita ngoma yake. Mtu akiugua ugonjwa usiojulikana, palikuwa na ngoma yake. Shamba likiwa kubwa na mikono michache, palikuwa na nyimbo zake. Posa ikikubaliwa, vilevile. Ndiyo sababu mzee aliyeulizwa "lini" hujibu "ya nini". Tarehe haiko kwake. Iko katika jambo linalowasibu watu.

NJIA YA KITUI

Msafiri atokaye Machakos hupita Masii na Wamunyu, mahali palipopata sifa duniani kwa wachonga vinyago, kisha huvuka Mto Athi na kuingia nchi ya Kitui. Ardhi huwa nyekundu, miti ya miiba huzidi, na mibuyu husimama peke yake mashambani kama walinzi waliosahauliwa. Karibu na mji wa Kitui liko jiwe kubwa la Nzambani. Masimulizi ya kale husema kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Wageni wengi hulipanda, wachache hulizunguka, na hapana anayekubali kumaliza ile mara ya saba.

Mzungu wa kwanza kufika nchi hiyo na kuandika habari zake alikuwa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mwaka 1849. Hakuwa na ramani wala hoteli, lakini alikuwa na mwenyeji. Mwenyeji huyo alikuwa Kivui, mkuu wa misafara ya biashara, na ilikuwa kutoka kwa Kivui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Jina ambalo leo ni la taifa zima alilipata kwa Wakamba. Alirudi mwaka 1851, akafuatana na Kivui kuelekea Mto Tana. Njiani walishambuliwa, Kivui akauawa, na Krapf akatangatanga porini peke yake kwa njaa na kiu kabla ya kuokoka. Tangu siku hizo funzo la Ukambani kwa msafiri ni lilelile: pasipo mwenyeji, mgeni si kitu.

KILUMI, NGOMA YA MVUA

Kitui ni nchi kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na wakulima huzitegemea zaidi zile za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Zikikosekana, njaa huingia. Wakamba huzipa njaa zao majina, kama vile watu wengine wanavyowapa majina wafalme wao. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali, na ile ya 1961 ikaitwa ya Ndeke, kwa sababu chakula kiliangushwa kwa ndege. Na tena, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, sehemu kubwa za Kenya kavu zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Katika nchi ya namna hiyo, ngoma ya kuomba mvua si mchezo. Ngoma hiyo ni kilumi. Wachezaji wake wakuu ni wanawake, na hasa wanawake wazee. Ngoma zake ni ndefu, zimechongwa katika gogo na kuwambwa ngozi, na mpigaji huishika yake baina ya magoti. Mmoja huanza wimbo, wenzake huitikia, miguu hukanyaga ardhi kwa uzito, mabega hutikisika. Haina haraka. Mgeni aliyezoea ngoma za jukwaani hufikiri kwamba bado wanajiandaa, kumbe kilumi kimekwisha kuanza zamani. Kadiri usiku unavyosonga mbele, mapigo hukaza, mpaka mmoja wao hupandwa na roho, akasema maneno ambayo wazee husikiliza na kuyafasiri.

Mahali pa ibada ya zamani paliitwa ithembo, penye mti mkubwa ambao haukukatwa tawi wala kuokotwa kuni chini yake. Wazee walipeleka hapo nafaka, maziwa na pombe, wakamwomba Mulungu mvua, na kuwakumbuka maimu, yaani roho za jamaa waliotangulia. Mtaalamu wa Kisweden, Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, aliyaeleza mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1920. Lakini aliyeyaeleza kwa undani zaidi alikuwa mwana wa Kitui mwenyewe. Huyo ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, akawa padre wa Kianglikana na mwalimu wa vyuo vikuu, akafariki mwaka 2019 huko Uswisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Afrika, Mbiti aliwaita jamaa waliokufa ambao bado wanakumbukwa kwa majina "wafu walio hai". Mtu huyohuyo ndiye aliyelifasiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kiyunani. Wale wanaodhani kwamba Mkristo hawezi kuichunguza mila ya baba zake bila kuipoteza imani yake wamtazame Mbiti.

Hata hivyo hapana haja ya kuficha kwamba kulikuwa na ugomvi. Wamisionari wa Leipzig walikuwa Ikutha na Mulango kabla ya karne ya 20 kuanza, na wale wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui mwaka 1895. Mwongofu wa siku zile alikatazwa ngoma kama alivyokatazwa pombe. Serikali ya kikoloni nayo iliziogopa. Mwaka 1911 ngoma za pepo zilienea Ukambani kwa nguvu nyingi hata maofisa wakaziona kuwa ni uasi, na wakuu wake wakapelekwa uhamishoni. Ama kwa hakika, serikali haimhamishi mtu kwa ajili ya mchezo mtupu. Kwa kuzikataza, wale maofisa walikiri kwamba ngoma zina uwezo.

VIJANA NA SARAKASI ZAO

Ngoma ambayo imewapatia Wakamba jina mbele ya wageni si kilumi, bali wathi wa vijana. Hapo wasichana na wavulana hupanga mistari wakitazamana. Kiongozi hupuliza filimbi. Ngoma zikipamba moto, kijana hukimbia hatua chache, akaruka juu, akapinduka hewani kichwa chini miguu juu, na kutua wima hasa wakati mkono wa mpigaji unapogonga ngozi. Uzuri wake uko katika kutua huko. Kuruka hata mbuzi huruka. Lakini kutua juu ya pigo, bila kuyumba, ni elimu ya miaka.

Wazee husema kwamba ngoma za vijana hazikukaa namna moja hata siku moja. Kila rika lilikuja na yake. Iko iitwayo mbeni, ambayo jina lake lenyewe linakumbusha beni ya pwani, ile ngoma ya kuigiza bendi za askari iliyozuka katika miji ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara kwa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wengi wa Ukambani waliitumikia King's African Rifles, na ile filimbi na mistari iliyonyooka si jambo la kushangaza kwa watu waliopita katika gwaride. Yafaa msafiri akumbuke jambo hilo anapotamani kuona "mila halisi isiyochanganyika". Mila halisi ya Ukambani ni pamoja na kuchukua cha mgeni na kukigeuza kuwa chako.

Mwenye ngoma hiyo ni ngui, yaani mtunzi na mwimbishaji. Kazi yake haikuwa kusifu tu. Nyimbo ziitwazo myali zilikuwa ni baraza la pili la kijiji. Mvivu, mwizi wa mizinga ya nyuki, mume anayempiga mkewe, mkuu anayekula cha watu, wote walijikuta katika wimbo, na wimbo hauna rufani. Mtu aliweza kulipa faini ya wazee akaisahau, lakini fedheha ya ngui ilimfuata mpaka sokoni. Kazi hiyo haijafa, ila imehama. Wapiga magitaa wa benga wa Kikamba, kama marehemu Kakai Kilonzo aliyefariki mwaka 1987, waliendelea kuonya na kukejeli katika sahani za santuri kama ngui walivyofanya uwanjani.

NG'AMBO YA ATHI

Kutoka Kitui barabara huelekea kusini kwa Mutomo na Ikutha, kisha huvuka tena Mto Athi na kutokea Kibwezi katika njia kuu ya Mombasa. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na kukwama mchangani. Siku hizi ina lami. Msafiri mwenye njaa asipite Makindu bila kusimama katika hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926. Mpaka leo hulisha wasafiri bure, bila kuuliza dini wala kabila. Hapo msafiri hujifunza kwa tumbo lake kwamba ukarimu nao ni mila.

Sehemu ya nchi ya Makueni ilikuwa pori la mbung'o na vifaru. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwahamishia watu huko, ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kati ya 1944 na 1946, naye akaua vifaru karibu 1,000. Pori likafyekwa, watu wakaingia. Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 1992, na ikawa kaunti chini ya Katiba ya 2010.

Katika vilima vya Mbooni, Kilungu na Nzaui msafiri ataona kazi kubwa kuliko jengo lolote la mjini: matuta yaliyopangwa mlima mzima, ngazi juu ya ngazi, kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali walitabiri kwamba nchi ya Machakos itageuka jangwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kinyume. Watu wa Machakos, pamoja na Makueni, walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi milioni 1.4 hivi mwaka 1990, na mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua badala ya kuongezeka.

Siri moja ya ushindi huo ni mwethya. Mwethya ni desturi ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao, leo kwako, kesho kwangu. Wakoloni walipowalazimisha watu kuchimba matuta, watu walichukia, wakachimba kwa mkono mmoja. Kazi ilipopangwa baadaye kwa njia ya mwethya, vikundi vikachagua viongozi vyenyewe, na wengi wao walikuwa wanawake, basi jembe likapata nguvu nyingine. Na mwethya hauna kazi bila wimbo. Mmoja huimbisha, majembe hupanda pamoja, hushuka pamoja, na aliyechelewa hutajwa katika ubeti unaofuata. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri atakayepewa jembe katika mwethya asikatae, kwa sababu amealikwa katika ngoma kubwa kuliko zote za Makueni, ijapokuwa haina jukwaa wala tiketi.

Kwa njia hiyohiyo watu wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia tangu miaka ya 1990. Ukuta hujengwa katika mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani ya mchanga pasipo kukauka kwa jua. Kilumi huomba mvua ije. Mwethya huishika isikimbie. Mtu anaweza kuamini kimoja na kukikataa kingine, lakini vyote viwili vimetoka katika haja moja, nayo ni maji.

NYUMBA YA VIZAZI VITATU

Katika nyumba nyingi za nchi hiyo mtu ataona vizazi vitatu chini ya paa moja. Bibi amecheza kilumi tangu ujana wake. Binti yake ni mwimbaji wa kwaya kanisani, naye hakanyagi kilumi hata mlangoni. Mjukuu anasoma shule ya sekondari na amecheza ngoma ya Kikamba katika mashindano ya muziki ya Kenya, yale yaliyoanza mwaka 1927, akarudi na cheti.

Mjukuu anajua hatua zote. Alifundishwa na mwalimu uwanjani, akacheza dakika chache mbele ya waamuzi wenye kalamu. Anajua jinsi ya kuruka, jinsi ya kuvaa, jinsi ya kuingia na kutoka. Bibi, ambaye magoti yake hayaruki tena, anajua mambo mengine: ni wimbo upi huanza na upi hufuata, nani aalikwe, ni siku gani ngoma isipigwe, na kwa nini. Mama yuko katikati. Ameitupa ngoma, lakini sauti yake ya kwaya, ile ya mmoja kuanza na wengi kuitikia, aliipata kwa mama yake kabla hajajua kusoma noti.

Hapo ndipo penye hatari. Hapana mtu anayekosa katika nyumba ile. Mama ana haki ya imani yake, na asiyetaka kwenda kwenye kilumi asilazimishwe. Mwalimu amefanya kazi njema, kwa kuwa pasipo mashindano ya shule, na pasipo Bomas of Kenya iliyoanzishwa mwaka 1971 kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila, vijana wengi wa mijini wasingejua hata jina la ngoma za babu zao. Lakini jukwaa huhifadhi mwili wa ngoma tu. Lile jibu la "ya nini" limo katika kichwa cha bibi, na bibi hataishi milele. Siku akizikwa, mjukuu atabaki na cheti ukutani na hatua miguuni, asijue hatua zile zilikuwa zikimwomba nani kitu gani.

Dawa yake si ghali. Mjukuu ana simu mfukoni yenye uwezo wa kurekodi sauti. Likizo ya Desemba ina siku nyingi. Na akae na bibi yake jioni, amwulize mambo hayo moja moja, aandike. Hata mama wa kwaya hana sababu ya kulikataza hilo, kwa sababu kuandika habari si kuabudu, na Mbiti mwenyewe alizikusanya hadithi za Wakamba kwa mamia.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kwa mgeni atakaye kwenda kuona mambo hayo kwa macho yake, yafaa ayashike mashauri machache.

Kwanza, atafute mwenyeji kabla ya kutafuta ngoma. Mwalimu wa shule, chifu, au mzee wa kijiji anaweza kumwonyesha njia. Afike kwa salamu, wala asianze na kamera.

Pili, aende wakati watu wako nyumbani. Mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba wenye kazi hurudi kutoka Nairobi na Mombasa, na sherehe huwa nyingi. Iliyo rahisi zaidi kwa mgeni kualikwa ni ya ndoa. Wakamba wana desturi ya ntheo, yaani mbuzi wanaopelekwa na upande wa mwanamume kwa wazazi wa msichana, na pasipo mbuzi hao wazee hawahesabu kwamba pana ndoa, hata kama harusi imefungwa kwa kengele na keki. Hapo mgeni atakula muthokoi na nyama, ataona wazee wakishauriana, na atasikia wanawake wakiimba mpaka jua litue.

Tatu, akialikwa kwenye kilumi, akae anapoonyeshwa. Asiingie mahali pa ithembo bila ruhusa, asicheke mtu aliyepandwa na roho, wala asimwombe arudie kwa ajili ya picha. Zawadi ndogo ya sukari, majani ya chai, au tumbaku ya kunusa kwa wazee hupokewa vizuri kuliko noti inayopungwa hewani.

Nne, ajue kwamba sheria iko. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, ambayo inataka jamii yenye mali hiyo iombwe idhini kabla ya mtu mwingine kuitumia kwa faida yake. Anayetaka kurekodi ngoma ili aiuze aombe kwanza. Hata asiyeuza, adabu ni ileile.

Tano, na hili ndilo kubwa, asiulize "lini" kabla ya kuuliza "ya nini". Akiuliza "lini" peke yake, huenda akapata siku, akaona watu wakiruka, akapiga picha, akaenda zake. Akiuliza "ya nini", huenda akakosa ngoma mwaka huo, kwa kuwa mvua imenyesha vizuri na hapana aliye mgonjwa. Lakini atakuwa amekaa na mzee kivulini, amesikia habari za njaa zenye majina, na amejua kwa nini mwaka usio na kilumi waweza kuwa mwaka wa shukrani.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Kitui na Makueni wamecheza kwao miaka mingi, na wageni wamewatunza kwa makofi. Sasa zamu ni ya watoto wao wenyewe, wale waliosoma. Bibi angali yuko kivulini na kyondo chake mkononi, naye swali hilo yu tayari kulijibu.